Mgeni Siku ya Tatu

Injini ya zamani ilikufa Jumanne
saa tatu asubuhi, karibu na mpera.
Konrodi ilikatika, ikatoboa ubavu wa bloku,
oili ikamwagika juu ya nyasi,
na mpaka leo pana doa jeusi, umbo la figa,
katika bustani ya Signori Ottavio
huku Casuarina, Malindi.

Akapiga simu kutoka kwao: "Nunua nyingine."
Kana kwamba zinauzwa kwa mafungu sokoni
kati ya bamia na mchicha.

Nikaagiza Mombasa. Ikaja kwa basi, ndani ya boksi,
nyekundu, yanukia duka.
Ngumbao akaifungua, akacheka kicheko cha puani.
"Shafti yake inalala," akasema.
"Hii ni ya pampu. Yako yataka shafti ya kusimama,
ichungulie chini
kama mtu aliyedondosha senti chooni."
Ikarudi na basi lilelile.
Nauli nililipa mara mbili.

Ya pili ilitoka uwanja wa gofu,
katika mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine.
Ngumbao aliipakata kwenye bodaboda
kama mtoto anayepelekwa chanjo.
Ikakaa barazani siku mbili, imefunikwa gunia.
Siku ya tatu tukampa mgeni jembe.

Lakini jembe lilikataa mpini.
Matundu manne ya fremu, matundu manne ya injini:
mawili yalisalimiana,
mawili yalipishana kwa upana wa punje ya mchele.
Bolti zilikwishaliwa na chumvi.
Tulizipaka dizeli, tukazigonga, tukaziapiza, tukazibembeleza;
moja ikakatikia ndani,
ikatula adhuhuri nzima na ncha mbili za keekee.

Puli nayo haikutaka kutoka.
Imezeeka na shafti yake miaka kumi na mmoja.
Ngumbao aliipasha moto taratibu, akangoja.
"Chuma hakitaki nguvu," alinifundisha, "kinataka sababu."
Kisha akaipiga nyundo.

Sidi, mke wangu, alileta chai, akauliza:
"Ndiyo mnampandikiza moyo?"
Hapana. Moyo haukuulizi waya mweusi unakwenda wapi.
Tuliufuata kwa kidole
kutoka swichi, chini ya kiti, hadi kwenye koili:
ukigusa bodi, injini inazima;
usipogusa, haizimi.
Sijui kitu kingine maishani mwangu
kilicho wazi namna hiyo.

Ijumaa, alasiri, ikakohoa mara moja,
ikatema moshi wa buluu,
kisha ikanguruma hata kunguru wakauhama mkungu.
Nikapanda kitini. Nikashusha visu.
Nikageuka kuitazama kazi.

Ndipo nilipoona.
Siku kumi na tisa tulizoinamia vyuma
mbuzi wa Mbeyu walikuwa wakipenya ua wa mnyaa,
asubuhi na jioni, bila petroli,
wakazila nyasi hadi shingoni mwa udongo,
sawasawa, kona zote,
wakaliacha doa la oili peke yake.

Ngumbao, spana mfukoni, akauliza kama bado atalipwa.
Nikamwambia atalipwa.
Nikaiendesha hivyo hivyo, mistari kumi na minne,
kutoka mpera hadi bwawa lisilo na maji,
visu vikikata hewa na mavi makavu ya mbuzi,
halafu nikapiga picha, nikamtumia Signori
ambaye mwaka wa nne huu hajaja.

Usiku akajibu:
"Haijawahi kukatwa vizuri hivi. Fundi ni nani?"
Nikaandika jina la Ngumbao.
Nikaanza kuandika la Mbeyu,
nikafuta.